Kuhamisha laptopu ya mtumba kutoka Windows 10 kwenda Linux Mint: mwongozo kamili

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Posta zimetoka kwenye maofisi ya nje: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, Lenovo ThinkPad T460. Ni mashine ngumu, zina kibodi nzuri, na bado zina miaka ya kufanya kazi. Tatizo lake ni prosesa. Hizi ni Intel za kizazi cha sita, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 nayo ilisitishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi aliyejiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft amesogezewa mpaka Oktoba 2026, basi.

Fundi wa mtaani atakwambia hakuna shida, leta nikupigie Windows 11 kwa kuruka ukaguzi. Inakubali kweli, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata apdeti. Na mara nyingi inakuja na programu ya kuchakachua leseni ambayo wewe hujui ndani yake kuna nini, na fundi naye hajui.

Mimi nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa badala ya Windows, kisha nikahamisha laptopu za ndugu na majirani hapa Tabata mpaka nikajua watu hukwama wapi. Hawakwami kwenye kuweka mfumo wenyewe, maana hiyo ni kazi ya dakika ishirini kwenye diski ya SSD (ya kisasa isiyozunguka). Wanakwama kwa sababu walifuta kwanza, wakauliza baadaye. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwongozo huu ni mambo ya kufanya kabla hujaigusa diski.

Je, kazi zako zinahamishika?

Chukua karatasi uandike programu unazofungua kwa wiki nzima. Chochote unachofanya ndani ya kivinjari kinahama bila neno: barua pepe, WhatsApp Web, tovuti za TRA na BRELA, zabuni za NeST, maombi ya mkopo HESLB. Chrome na Firefox za Linux ni zilezile. Zoom na Telegram zipo.

Word na Excel hazipo kama programu za kuweka kwenye mashine. Badala yake kuna LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi docx na xlsx. Barua, ripoti na tasnifu haziisumbui. Ila Excel yenye makro nyingi, ile ambayo mhasibu wenu ameijenga miaka sita, itakuangusha. Photoshop, AutoCAD na QuickBooks ya kuweka kwenye kompyuta nazo hazina toleo la Linux. Kama mkate wako uko kwenye hizo, baki ulipo au weka mifumo miwili pamoja. Sioni sababu ya mtu kuharibu riziki yake kwa kutaka kuonekana mjanja wa kompyuta.

Kwa wanaodhani mambo haya ni mageni kwetu: mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. LibreOffice ya leo ilizaliwa kutoka OpenOffice hiyohiyo.

Kwa nini Mint na siyo nyingine? Kwa sababu menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, na mama yangu hakuuliza swali hata moja. Toleo la 22 limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na litahudumiwa mpaka mwaka 2029. Mashine yenye RAM ya GB 4 kwenda juu, pakua Mint yenye sura ya Cinnamon. Yenye chini ya hapo, pakua ile nyepesi ya Xfce.

Nakala za mafaili, kwa makini kuliko unavyodhani

Tafuta hadidiski ya nje, au flashi kubwa kama mafaili yako ni machache. Watu wengi hunakili Documents na Pictures wakadhani wamemaliza. Angalia pia Desktop (ndiko Watanzania tunakohifadhia maisha yetu yote), Downloads, na folda yoyote iliyotengenezwa moja kwa moja ndani ya C. Programu za mahesabu zina tabia ya kuweka data zake mbali na folda yako. QuickBooks, kwa mfano, kwa kawaida huziweka ndani ya Public Documents. Fungua programu yenyewe, tafuta sehemu ya "Backup", toa nakala kutoka humo.

Mtego mwingine ni OneDrive. Faili lenye alama ya wingu pembeni halimo kwenye diski yako. Unachokiona ni kivuli, faili lenyewe liko mtandaoni. Libonyeze kulia, chagua "Always keep on this device", subiri lishuke, ndipo unakili. Kwenye Chrome, ingia na akaunti yako uwashe usawazishaji ili alamisho na nywila zikufuate.

Ukimaliza, chomeka hadidiski hiyo kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili matatu manne, hasa yale makubwa. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Kuna njia ninayoipenda kuliko zote, kwa mwenye hela kidogo ya ziada. Nunua SSD mpya, toa diski ya zamani ikiwa na Windows yake na kila kitu, weka SSD, halafu weka Mint humo. Diski ya zamani inakaa kabatini kama ilivyo. Mambo yakiharibika, unairudisha kwa bisibisi na maisha yanaendelea. Na kama laptopu yako bado ilikuwa na diski ya kuzunguka, kasi utakayoipata hutaamini ni mashine ileile. EliteBook 840 G3 ina hata nafasi mbili, ya SSD ndogo ya M.2 na ya diski ya inchi 2.5.

Mambo matatu ya kufanya ndani ya Windows

La kwanza, BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima. Andika "BitLocker" kwenye sehemu ya kutafuta, uangalie kama diski imefungwa. Kama imefungwa na unataka kubaki na Windows pembeni, izime usubiri imalize kufungua. Hata kama utafuta yote, chukua kwanza ufunguo wa tarakimu 48 kutoka kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine), Windows inaweza kukuomba ufunguo huo kabla haijawaka tena, na hapo wengine ndipo huanza kulia.

La pili, zima ile tabia ya Windows ya kulala badala ya kuzima kabisa. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Bila hivyo, mafaili ya upande wa Windows yanaweza kukataa kuandikwa ukiwa Linux.

La tatu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Angalia mstari wa "BIOS Mode" kama ni UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) au Legacy (ya zamani), na kiasi cha RAM. Andika pembeni.

Kupakua na kutengeneza flashi

Faili la ISO, yaani faili moja lililobeba mfumo mzima wa Mint, lina karibu GB 3. Lichukue kwenye tovuti yao rasmi, linuxmint.com, na siyo kwenye kiungo ulichotumiwa kwenye grupu. Bando la usiku linafaa sana hapa. Apdeti za mara ya kwanza nazo zitakula data, kwa hiyo usinunue bando la kubana. Mwenye rafiki ofisi yenye Wi-Fi nzuri ajue ndiyo siku ya kumtembelea.

Intaneti ikikatikakatika, faili hufika limeharibika bila kukwambia. Lihakiki. Ukiwa kwenye folda lililomo faili, fungua Command Prompt uandike (badilisha jina lifanane na la kwako):

certutil -hashfile linuxmint-22.2-cinnamon-64bit.iso SHA256

Utapata mstari mrefu wa herufi na namba. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti yao. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Nimeshuhudia mtu akipoteza Jumamosi nzima akiilaumu laptopu, kumbe faili lilikuwa pungufu.

Sasa pakua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, chomeka flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana (itafutwa yote), chagua ISO yako, bonyeza "START". Ikikuuliza njia ya kuandika, kubali ile inayopendekezwa. Flashi ikikataa kuwaka baadaye, rudia ukichagua "DD". Ukitumia DD, Windows itadai flashi inahitaji kuformatiwa. Usikubali, iko sawa.

Kuwasha kutoka kwenye flashi

Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia. HP ni Esc kisha F9. Dell ni F12. ThinkPad ni F12. Asus ni Esc. Acer ni F12, ila nyingi inabidi kwanza uingie BIOS kwa F2 uiruhusu. Lenovo IdeaPad zina kitundu kidogo pembeni unachobonyeza kwa pini mashine ikiwa imezimwa.

Ikikuomba paswedi ya BIOS usiyoijua, hilo ni la mtumba: ofisi ya zamani iliifunga na hakuna aliyeifungua. Huwezi kuendelea mpaka fundi wa maunzi aishughulikie. Siku nyingine ukinunua, ingia BIOS palepale dukani kabla hujatoa hela.

Chagua flashi, kisha "Start Linux Mint". Skrini ikibaki nyeusi, mara nyingi kwenye mashine zenye kadi ya Nvidia, washa upya uchague ile ya "compatibility mode".

Ishi ndani ya flashi kwanza

Hapa ndipo ninapogombana na wenye haraka. Baada ya dakika moja hivi utaona Mint imewaka kamili, na diski yako haijaguswa hata kidogo. Kila kitu kinaendeshwa kutoka kwenye flashi. Kwa hiyo kaa humo jioni nzima, ufanye kazi zako za kawaida. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu ni flashi, hilo lisikutishe.

Jaribu Wi-Fi. Jaribu sauti, kamera, mwanga wa skrini, bluetuthi, kufunika na kufunua kifuniko. Chomeka modemu yako ya USB. Chomeka printa uchapishe ukurasa. Printa nyingi za HP hujitambua zenyewe, lakini zile ndogo za leza za Canon LBP, zinazopendwa sana kwenye steshenari, mara nyingi hutaka draiva ya kutafuta kwa mkono. Fungua pia barua yako ndefu kuliko zote kwenye LibreOffice uone kama kurasa zimekaa vilevile.

Kisha fungua programu inayoitwa Disks, bonyeza diski yako, na kwenye menyu chagua "SMART Data & Self-Tests". Itakwambia kama diski inakaribia kufa. Kwa mashine ya mtumba kipimo hiki peke yake kinatosha kulipia usumbufu wote.

Wi-Fi isipoonekana, usikate tamaa. Huenda kadi ni ya Broadcom, ambayo draiva yake haiwaki yenyewe. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa "USB tethering", na laptopu itapata intaneti papo hapo. Ukishaweka mfumo, Driver Manager itakumalizia kazi.

Kuna jambo dogo litakalokufurahisha. Ile flashi yako iliyopata kirusi cha steshenari, ambacho mafaili yote hugeuka shotikati, ichomeke humu. Utayaona mafaili yako halisi yamekaa kimya mahali pake, kwa sababu Linux haijali amri ya Windows ya kuyaficha. Yanakili, halafu ifute flashi.

Kuweka sasa

Chaji betri ijae na uache waya umechomekwa. Betri ikiwa mfu, kama zilivyo nyingi za mtumba, subiri siku ambayo umeme umetulia au azima UPS. TANESCO wakikata katikati ya kugawa diski, unaanza upya.

Na chomoa kila diski ya nje. Kila moja. Mwaka mmoja niliweka Mint nikiwa nimeacha hadidiski ya dada imechomekwa, na kwenye orodha kulikuwa na sda na sdb, majina ambayo Linux huzipa diski. Nikachagua kwa mazoea. Picha za sendofu yake zilikuwa humo. Nilizirudisha kiasi kwa programu ya PhotoRec, elfu kadhaa zisizo na majina wala mpangilio, na mpaka leo nikienda kwake huulizwa kama nimekuja kufuta kitu.

Bonyeza aikoni ya "Install Linux Mint". Kwenye kibodi, angalia vitufe vyako: laptopu iliyotoka Uingereza ina alama ya £ juu ya namba 3, hiyo chagua "English (UK)". Nyingine nyingi ni "English (US)". Weka tiki kwenye "Install multimedia codecs", la sivyo video zitakusumbua. Kama Secure Boot (ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka) imewashwa, itakuomba utunge nywila ndogo. Ikumbuke, utaiona tena.

Kisha swali kubwa. "Erase disk and install Linux Mint" inafuta kila kitu. "Install alongside Windows Boot Manager" inabakiza Windows na kukupa uchaguzi kila unapowasha. Ukitaka ya pili, ni salama zaidi kuipunguza partisheni (sehemu ya diski) ya Windows mapema ukiwa Windows kwenyewe, kwa programu ya diskmgmt.msc, ukaachia angalau GB 50. Kwa anayesitasita mimi humshauri abaki na vyote viwili kwa miezi mitatu, halafu ajiulize mara ya mwisho aliingia Windows lini.

Diski yako isipoonekana kabisa kwenye orodha, hasa kwenye Dell, ingia BIOS ubadilishe "SATA Operation" kutoka RAID kwenda AHCI. Kama unabakiza Windows, usibadilishe hivihivi, maana itagoma kuwaka. Iweke kwanza Windows iwake katika Safe Mode (hali ya dharura), badilisha BIOS, iwashe mara moja humo, kisha uondoe hiyo Safe Mode.

Ramani ikitokea, bonyeza pwani ya Tanzania, itajaza Dar es Salaam. Andika jina na nywila. Nywila hii ndiyo utakayoandika kila unapoweka programu, na ukiiandika kwenye dirisha la amri hutaona nyota wala nukta. Kibodi haijafa, endelea tu kuandika.

Ikimaliza, washa upya, chomoa flashi ukiambiwa. Ikija skrini ya bluu ya MOK, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", kisha nywila ile ndogo. Ukiipita kwa haraka, baadhi ya draiva hazitafanya kazi.

Siku ya kwanza

Dirisha la kukaribisha lina sehemu ya "First Steps". Anza na Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ili apdeti ikiharibu kitu urudi nyuma. Ielewe vizuri: kwa kawaida hailindi mafaili yako binafsi, hayo bado unayanakili mwenyewe. Fuatia Driver Manager, halafu Update Manager. Kabla ya kushusha apdeti, ingia kwenye mipangilio ya vyanzo uchague seva iliyo karibu na yenye kasi.

Kwa wanaotuma CV na barua za kazi, tafuta ttf-mscorefonts-installer kwenye Software Manager uiweke, upate Times New Roman na Arial zenyewe. WhatsApp Web uipe aikoni yake kwa kutumia programu ya Web Apps, ikae kwenye menyu kama programu kamili.

Antivairasi siyo ya lazima. Washa tu Firewall, swichi moja.

Waliobakiza Windows watakutana na kioja: kila wakitoka Linux kwenda Windows, saa inarudi nyuma saa tatu kamili. Saa kumi jioni inasoma saa saba mchana. Si betri ya BIOS, na usimlipe mtu kuibadilisha. Linux huhifadhi kwenye saa ya ndani muda wa dunia, UTC, wakati Windows inadhani ni muda wa hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Fungua Terminal uandike:

timedatectl set-local-rtc 1

Kisha rekebisha saa mara moja, haitarudia.

Ukitaka kurudi

Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu, leseni imeandikwa ndani ya ubao wenyewe. Kufuta diski hakuifuti. Pakua ISO ya Windows kwenye tovuti ya Microsoft, iweke kwenye flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Ventoy, uiwashe kama ulivyowasha Mint. Uzuri wa Ventoy ni kwamba unanakili ISO humo kama faili la kawaida, hivyo flashi moja ya GB 16 inabeba Windows na Mint pamoja. Mimi yangu iko kwenye pochi, ndani ya kimfuko cha sarafu, na hutoka karibu kila mwisho wa wiki.